Mlango wa Nyuma wa Boma

Jumanne, 10 Julai 1973. Mbeya.

Baridi kali. Vidole vimekufa ganzi, plagi zinaniponyoka. Zamu ya asubuhi, simu za mbali nyingi kama kawaida: Chunya, Tukuyu, Makambako, Iringa. Iringa! Taa ya Iringa ikiwaka kwenye mitambo ya simu hapa posta, na moyo wangu unawaka. Mwaka mzima sasa, na bado.

"Mbeya, Iringa hapa." Kwa maneno hayo tu nilimpenda Rajabu, opereta mwenzangu wa kule, kabla sijajua kama ni mrefu au mfupi. Ni mrefu. Lakini ningemchukua hata angekuwa kimo cha debe.

Leo laini ilipokuwa tupu alinipa habari: amepata ruhusa, kesho kutwa anakuja twende bomani. Yeye Mwislamu, mimi Mmoraviani, na tumekubaliana hakuna atakayemhamisha mwenzake. Basi si kanisani wala msikitini. Bomani.

Tusekile, ninayekaa naye bega kwa bega kwenye mitambo, amenionea huruma. "Bomani? Kule tunakolipia leseni za baiskeli? Shoga yangu, utatoka na risiti badala ya bwana!" Nilicheka. Moyoni sikucheka. Nataka harusi. Harusi hasa, ya kukumbukwa mpaka nizeeke.

Alhamisi, 12 Julai.

Nina furaha mpaka chakula hakipiti.

Msajili wa ndoa ni Bwana Sanga. Mkinga, mtu wa makamo, tai nyembamba, sweta la kufumwa chini ya koti. Nilidhani atatupa karatasi tujaze, tuondoke. Alitukaribisha viti, akaagiza chai, akauliza mlikutanaje. Tukamwambia. Akavua miwani, akaifuta polepole. "Kwa hiyo mlipendana kabla hamjaonana." Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa zawadi.

Kumbe mtu huyu kufungisha ndoa ndiyo kazi yake, na anaipenda kama seremala anavyoipenda randa yake. Wanaomuudhi ni wale wanaokuja na viatu vya shamba, wanataka waoane upesi wawahi basi. "Maneno ya serikali ni machache," alisema. "Yaliyobaki ni yenu. Na mimi sijengi nyumba kabla sijajua nani ataingia kwa mlango upi."

Tangazo litabandikwa ubaoni kwanza, mwenye pingamizi aseme. Harusi Jumamosi ya tarehe kumi na moja mwezi ujao. Na ametupa kazi. Kila mmoja aende kwa mkubwa wake nyumbani, aulize jambo moja tu: lipi lisipofanyika utasema ile haikuwa harusi?

Rajabu atamuuliza baba yake. Mimi Bibi.

Alinishika mkono mpaka stendi ya basi. Mchana kweupe! Watu walitazama. Watazame.

Jumapili, 15 Julai. Tukuyu.

Nilimkuta Bibi anamenya ndizi. Ndiye aliyenilea wazazi wangu walipofariki. Rajabu amekwisha kumwona, na Bibi alimsifu kwa kumaliza sahani na kuomba tena. Habari ya dini haikumsumbua. "Mungu alisikia Kinyakyusa kabla wachungaji hawajafika," alisema. "Atasikia na hicho cha kwao."

Lakini jambo lake moja analo. Baba mkwe wangu asinione uso, na mimi nisimwone. Tusikae chini ya paa moja. Jina lake nisilitaje. Ndivyo mke wa Kinyakyusa anavyomheshimu baba wa mumewe, na ndivyo Bibi mwenyewe alivyofanya mpaka mkwewe akazikwa.

Nilimwambia, Bibi, hata wa kanisani wengi wameacha siku hizi. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Na wale ni watu wa mjini, asili yao pwani, hawayajui haya. Akaendelea kumenya.

"Wewe cheka tu. Mimi sikanyagi nyumba ambamo mjukuu wangu anamkodolea macho mkwewe."

Ndani ya basi nilicheka peke yangu. Mambo ya zamani!

Ila nimesoma tena niliyoandika hapa tangu Jumanne. Jina la baba yake Rajabu halimo. Nalijua vizuri sana. Mkono ndio umekataa.

Jumatano, 18 Julai.

Mzee amejibu. Anataka mwanawe akioa awe karibu naye, amshike mkono, amwombee dua kwa sauti. Asipomshika mkono, haikuwa harusi. Basi. Rajabu alikuwa anaimba kwenye laini. "Jambo rahisi kama nini!"

Nikasema ndiyo, rahisi. La Bibi sikumwambia. Nimeona aibu. Kijana wa mjini, ataniona mshamba. Taa ya Chunya ikawaka, nikamwacha.

Ofisi ya Bwana Sanga ni chumba kimoja. Paa ni moja. Nitafanyaje mimi?

Jumamosi, 21 Julai.

Nataka ardhi ipasuke.

Mzee ni mfanyabiashara wa vitunguu. Anavichukua Ruaha Mbuyuni, anavileta mpaka soko la hapa. Kwa kawaida hutuma dereva. Leo alikuja mwenyewe, bila taarifa, akapita posta. Mimi nilikuwa nimetoka chumba cha mitambo kumpelekea karani karatasi kaunta, hedifoni kichwani, waya nimeuchomoa. Nikasikia sauti ya mtu mzima: "Mimi baba yake Rajabu wa Iringa. Nimekuja kumsalimu binti yangu." Nikaona upindo wa kanzu. Nikaona kikapu.

Nikakimbia.

Sikuamua. Ni kama Bibi aliingia miguuni mwangu. Katikati ya magunia ya barua, mlango wa nyuma, uani, mpaka nyuma ya tangi la maji. Waya wa hedifoni unaburuza nyuma yangu kama mkia.

Tusekile alikuwepo. Anasema Mzee aliutazama ule waya mpaka ncha yake ikapotea mlangoni. Kisha akaweka kikapu juu ya kaunta, akasema, "Haya," akatoka.

Kidato cha nne! Jiografia nilikuwa wa kwanza darasani! Nyuma ya tangi!

Jumatatu, 23 Julai.

Leo Rajabu alinipa sauti ya kazi. "Mbeya, nipe benki." Hakuna mpenzi, hakuna umeamkaje.

Jioni laini ilipotulia ndipo akasema. Baba yake amerudi nyumbani na kuwaambia jamaa: binti amenikimbia kama aliyeona fisi. Hanitaki. Mbeya siendi.

Nikamweleza yote, nalia, taa zinawaka huku na huku. Akasema, "Ungeniambia." Kweli. Ningemwambia.

Amejaribu kumweleza baba yake. Mzee hasikii, anaona mwana anamfichia mchumba aibu. Na Rajabu amesema wazi: bila baba kumshika mkono, hawezi kuoa. Simlaumu. Nampenda zaidi kwa hilo, na ndiyo maana inauma hivi.

Jumanne, 24 Julai.

Bomani baada ya zamu. Tangazo letu liko ubaoni, majina mawili yamekaa pamoja kama watu kwenye benchi. Nilitamani kulibusu. Nilitamani kulichana.

Nilitazamia Bwana Sanga atafuta tarehe. Badala yake alicheka mpaka sweta likatikisika. Amekaa na Wanyakyusa miaka mingi, hakuhitaji maelezo. Nilipomaliza kujifuta machozi alisema, "Mlango wangu wa mbele una baraza. Baraza ni paa, bibi yako hatakubali. Twende nikuonyeshe wa nyuma."

Mlango wa nyuma ni wa makarani, wanapita kwenda kuchemsha chai. Hauna baraza. Ngazi mbili za mawe, kisha ua, kisha mbingu.

Ndoa ya serikali haifungwi kwa siri, akaniambia, milango lazima iwe wazi. Basi tuitumie. Rajabu atasimama kizingitini. Mkono mmoja nje, kwa baba yake. Mkono mwingine ndani, kwangu. Ukuta kati ya Mzee na mimi. Bibi ndani kwenye kiti, anaona kila kitu.

Nikalia tena. Hii ilikuwa raha.

"Usilie, bado," akasema. "Mimi nafungisha ndoa. Kumleta mkwe si kazi ya serikali. Una mdomo?"

Nikamwambia siruhusiwi kukutana naye.

"Sikusema macho, binti. Nimesema mdomo."

Ijumaa, 27 Julai.

NIMEWEZA!

Asubuhi, taa ya Iringa. Rajabu, sauti kavu ya kiserikali: "Mbeya, nina mteja wako. Anataka soko." Kisha sauti ya Mzee. Naijua mno sauti hiyo. Mwaka mzima nimemuunganisha na wateja wake. Kila mara, "Haya Mbeya, binti mwenye adabu, nipe soko." Hapa tuko maopereta wanne. Hakuwahi kujua ni yupi kati yetu anayemposea mwanawe, nami sikuwahi kujitaja.

Kanuni hairuhusu kuzungumza na mteja. Nikaivunja. Nikasema, shikamoo Mzee, kabla sijakupa soko, mimi ndiye niliyekukimbia.

"Wewe, Mbeya?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mbeya yangu ya siku zote?"

"Ndiye mimi."

"Sasa nilikukosea nini, mwanangu?"

Sauti yake ilikuwa na jeraha. Sikujua. Nilidhani amekasirika tu. Nikamwambia kwa haraka, bila kuvuta pumzi: kwetu mwanamke hamkimbii mkwe anayemdharau. Anamkimbia anayemheshimu, na heshima ikizidi ndipo anapokwenda mbali. Nikamwambia mimi nilifika nyuma ya tangi la maji.

Nikasikia kama kikohozi. Alikuwa anacheka!

"Basi uliniheshimu kupita kiasi, Mbeya. Ulitoroka na mali ya serikali kichwani!"

Nikamweleza mlango wa nyuma. Akauliza kama hizo ngazi ni ndefu, maana goti lake moja ni bovu. Nikasema yeye atakaa chini, uani, hapandi hata moja. Akasema atakuja. Halafu: "Sasa nipe soko, vitunguu vinaota."

Nikampa soko. Kwenye laini ya Iringa akabaki mtu anapumua tu. Rajabu anaapa kwamba Mzee aliomba soko mwenyewe, yeye hakupanga kitu. Mwongo wangu mtamu.

Jumapili, 29 Julai. Tukuyu.

Nimemwambia Bibi kwamba nimezungumza na mkwe. Kisu kikasimama.

"Amekuona?"

"Hapana. Ni kwa simu."

"Na siku ile ya kukimbia?"

"Mgongo tu, Bibi."

"Mgongo si uso." Kisu kikaendelea. Ndizi nzima ikamenywa ndipo akauliza, "Na huo waya una paa?"

Hauna, Bibi.

"Basi."

Jumamosi, 4 Agosti.

Mazoezi bomani. Tusekile alikuwa Rajabu. Karani mmoja, birika mkononi, alikuwa baba mkwe. Bwana Sanga alitusogeza hatua huku na huku kama mtu anayepanga kabati la vyombo.

Mambo yote sawa, ila moja. Kiapo. Lazima nimtaje mume kwa jina lake kamili: Rajabu mwana wa fulani. Huyo fulani ndiye nisiyeruhusiwa kumtaja! Wote tulikuwa tumelisahau hilo.

Bwana Sanga aligonga meza kwa kalamu, akafikiri. Nikifika hapo ninyamaze, alisema. Yeye atalitaja kwa niaba yangu, mimi niitikie, tuendelee.

Nimekubali. Lakini sijaridhika. Kiapo changu kina tundu katikati, na atakayeliziba ni mtu wa ofisi. Mtu mwema, lakini wa ofisi.

Jumamosi, 11 Agosti.

Naandika mbio kwa furaha, mwandiko usamehewe.

Nimeamka upepo unavuma. Rajabu alifika tangu jana na rafiki yake ambaye ni shahidi. Mzee alisema atatoka Iringa alfajiri na gari lake la vitunguu. Nilikuwa nasukwa nywele, nafikiria goti lake, nafikiria milima ya njiani, nafikiria amebadili nia. Wenzangu waliokuwa zamu wakafanya jambo ambalo nitawalipa mbinguni. Wakaifuata barabara kuu nzima kwa simu. Mafinga: amepita. Nyololo hakukupatikana mtu, nikafunga macho. Makambako: amesimama, amekunywa chai, anauliza kama Mbeya kuna baridi. Ametundika kanzu mpya dirishani isikunjike! Nilipiga kelele mpaka msusi akaniangushia kitana.

Jumamosi ofisi hufungwa mapema, lakini Bwana Sanga alibaki. Suti nyeusi, sweta lile lile. Mlango wa nyuma usingeutambua. Vijana wa posta walifunga migomba huku na huku na maua mekundu juu. Ngazi zimesuguliwa. Jiko la chai limehamishwa. Watu wamejaa ua mzima, hata waliokuja kusoma matangazo tu.

Bibi aliingia kwa mlango wa mbele akiwa na fimbo yake, akakagua chumba, akakagua ukuta, akaketi. "Mko vizuri," akasema, kana kwamba yeye ndiye mkuu wa wilaya.

Mimi nilisubiri katika chumba cha pembeni. Rajabu kizingitini, uso kwa nje. Hatukuwa tumeonana. Bwana Sanga akawaambia watu: hawa wawili walipendana kwa sauti, basi waanze kwa sauti. Kisha nikaisikia, ile ile, ya mwaka mzima:

"Mbeya, Iringa hapa."

"Iringa, Mbeya hapa. Nakusikia vizuri."

Posta nzima ikalipuka! Nikatoka. Rajabu akageuka. Sitaandika sura yake ilivyokuwa. Nitaikumbuka bila msaada.

Akaninyooshea mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa nje ya mlango, na mwisho wake nikaona vidole vya mtu mzima vimeukamata. Zaidi ya hapo sikuona. Ukuta uliniheshimu.

Rajabu akaapa, bila kutikisika. Zamu yangu. Mimi Atuganile, kwa hiari yangu, mbele ya mashahidi hawa, nampokea Rajabu mwana wa...

Nikanyamaza, kama tulivyopanga. Bwana Sanga akafungua mdomo.

Nje ya ukuta sauti ya Mzee ikapanda, kubwa, ya mtu aliyezoea kuita sokoni. Akalitaja jina lake mwenyewe. Lote, na la baba yake. Kisha akasema, "Endelea, mwanangu, nimekusaidia."

Watu wa uani walipiga makofi, vigelegele, mtu akapiga debe. Tusekile, shahidi wangu, alilia hadharani, yeye aliyesema nitatoka na risiti. Bwana Sanga alifunga mdomo wake taratibu akatazama dari. Nikamaliza kiapo changu. Hakikuwa na tundu tena. Aliyeliziba ni mwenye jina.

Mzee akaomba dua, mkono wa mwanawe bado kiganjani mwake. Alipomaliza, sauti ya kwanza kusema amina ilikuwa ya Bibi. Naye akasimama akaomba dua ndefu kwa Kinyakyusa, za mazao na watoto. Mzee hajui neno la Kinyakyusa, lakini kila Bibi alipovuta pumzi, kutoka nje: "Amina! Amina!"

Mwisho Bibi akausogelea ukuta. Akaugonga kwa fimbo mara moja. "Ndaga," akauambia ukuta. Asante. Kutoka upande wa pili mtu akagonga naye.

Hiyo ilikuwa harusi.

Jumapili, 12 Agosti.

Mke. Mke wa Rajabu. Nimeliandika nione linavyokaa. Linakaa vizuri.

Anakoroma kidogo. Kwenye simu sikuwahi kuisikia hii. Naipenda pia.

Jumatano, 5 Septemba. Iringa.

Uhamisho wangu bado, niko nyumbani. Upepo na vumbi. Nimefua, nimeanika, nimechagua mchele.

Mzee hupita akitoka sokoni. Hakuna aliyemfundisha, amejipangia mwenyewe. Anasimama kwenye kona ya nyumba ya jirani, anakohoa. Kisha anaita, si kwa nguvu: "Mbeya?"

Naingia ndani, nasimama nyuma ya mlango. "Mbeya hapa. Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

Leo aliuliza kama baridi ya hapa inashinda ya kwetu. Nikasema ya kwetu inashinda. Akasema ameiona, ni kweli. Nikasikia kikapu kinawekwa kwenye ngazi, goti linalalamika, hatua zinaondoka.

Nilingoja ziishe ndipo nikafungua. Vitunguu vilikuwa bado na joto la jua. Nimeviunga na maharage. Rajabu anatoka zamu jioni.

Mlango nimeuacha wazi.